Maziwa Makubwa, Madogo na Yaliyotengenezwa na Watu

Nimestaafu. Chekeni tu, wadogo zangu. Mama Wambui aliposikia alicheka hadi akashika ukuta, akasema mtu hastaafu akiwa na meno yote. Lakini Ijumaa nilirudisha gambuti za ofisi, nikakata keki, nikapewa saa ya ukutani kama wanavyopewa wazee, na nikalia. Kama huko si kustaafu, basi sijui ni nini. Ninyi, Zuhura na Kelvin, mnaanza Jumatatu, na nimeombwa niwaandikie yale ambayo hayamo kwenye mafunzo. Mafunzo yenyewe hayapo, kwa hiyo nina uwanja mpana.

Kazi ni hii: tunawachukua watu wa Stockholm, tunawapeleka mashambani Uingereza kutazama maziwa, mabwawa na vidimbwi, halafu tunawarudisha. Basi. Ukimweleza mtu hivyo atakuuliza kama Stockholm maji yamekwisha. Ni swali zuri. Mji huu una maji kila upande. Mimi naishi Farsta na ziwa liko nyuma ya jengo letu. Jibu la ofisi ni kwamba ziwa la Sweden linakaa tu, la Uingereza linakungoja. Sijawahi kuelewa maana yake, lakini ukilisema taratibu watu huitikia kwa kichwa.

Niliipata kazi hii kwa sababu ya vumbi. Nilikuwa nasafisha maofisi Sundbyberg. Shule yangu iliishia kidato cha nne, Morogoro, na Kiswidi nilikiokota kazini, neno moja moja, kama mchele uliomwagika. Neno la kwanza kabisa lilikuwa damm, yaani vumbi. Msimamizi wetu alipitisha kidole juu ya kabati, akakuonyesha kidole, akasema "damm", akaondoka. Hilo ndilo lililokuwa somo. Kitu ambacho hakuna aliyenifundisha ni kwamba Waswidi hao hao hulitumia neno hilo hilo kwa bwawa.

Sasa siku moja natoka kazini, nikaona karatasi kwenye dirisha la ofisi ndogo ya safari: anatafutwa mtu anayependa damm. Moyo uliruka. Nikasema, hatimaye kuna mtu anayeona vumbi ni jambo la kupendwa, si la kuonyeshewa kidole tu. Nikaingia na kitambaa changu mkononi. Ndani alikaa mama mmoja mrefu, mwenye mvi na koti la mvua, ingawa alikuwa ndani na nje kulikuwa na jua. Huyo ndiye Gunilla, mwenye ofisi.

"Umewahi kuona damm nyingi?" akaniuliza.

"Nyingi sana. Hata hapa kwenu naiona moja, pale juu ya kabati."

Akageuka. Juu ya kabati palikuwa na picha ya bwawa.

"Una jicho!" akasema. "Hiyo iko Norfolk."

Nikashangaa vumbi kuwa na anwani.

"Na ukiikuta, wewe hufanya nini?"

"Naifuta."

"Unaifuta?"

"Kabisa. Kwanza kwa kitambaa kikavu, halafu chenye maji kidogo. Hairudi wiki nzima."

Alinitazama. Akakitazama kitambaa. Akainuka, akapitisha kidole juu ya kabati, akakitazama kidole, na hapo akaanza kucheka kwa sauti ya mlango unaohitaji mafuta. Alinipa kazi palepale. Alisema wote walionitangulia walijifanya wanapenda mabwawa, na mimi peke yangu nilisema ukweli kuhusu kabati.

Jambo moja kuhusu kumwita. Waswidi huitana majina matupu, hata bosi na mfagiaji. Ulimi wangu ulikataa kumwita mama wa umri ule "Gunilla" hivihivi kavu, kwa hiyo nikamwita Bi Gunilla. Baada ya wiki kadhaa akaniuliza kwa upole kwa nini namwita nyuki. Kumbe kwa Kiswidi bi ni nyuki! Nikamweleza kwamba ni heshima. Akafikiri, akasema hajawahi kupewa heshima yenye mwiba, akaenda akanunua pini ya nyuki, akaibandika kwenye koti. Mkimwona nayo msimwulize. Mmeshajua.

Alinifundisha mengi bila kukaa darasani. Fimbo ya kutembelea, kwa mfano, si ya kutembelea. Ni ya kuchoma tope kabla abiria hajalikanyaga, maana mashambani Uingereza majani mabichi kabisa yanaweza kuwa mdomo wa shimo. Gambuti beba za ukubwa wote, na moja zaidi ya mguu wa kushoto, kwa sababu tope hupenda mguu wa kushoto. Bata usiwape mkate, utawaumiza tumbo. Wape njegere zilizoyeyuka barafu. Geti ukilikuta limefungwa, lifunge nyuma yako. Ukilikuta wazi, simama ujiulize fahali yuko wapi. Na mkifika majini, usianze kuongea. Hili ndilo lililonishinda kwa muda mrefu. Mimi nikiona maji naanza kuota mchana: najiona na kibanda changu cha chai ukingoni, meza mbili, maua kwenye kopo, na kabla sijajua nimeshawasimulia abiria bei ya maandazi.

Msimu wangu wa kwanza kesi ngumu ilikuwa ya mzee Sixten, Mswidi aliyekuwa mpima ardhi. Kila tulipofika alisema, "Lile la nyumbani kwangu ni kubwa zaidi." Ziwa, bwawa, hata dimbwi la maegesho ya magari. Siku moja bata bukini mmoja alitoka kwenye matete, akamtazama Sixten, akaamua. Alimkimbiza kuzunguka bwawa zima, mimi nikiwakimbiza wote wawili nikiwa na mfuko wa njegere. Tuliporudi tulipoanzia, Sixten akahema akasema, "Hili ni kubwa kuliko nilivyodhani." Hakulinganisha tena.

Miaka ikaenda. Abiria wetu Waswidi walikuwa wazee tangu mwanzo na hawakuwa wakielekea kwenye ujana. Mmoja magoti, mwingine macho, mwingine binti yake alimwonyesha Hispania na hakurudi. Mwaka mmoja, wakati wa kupanga safari, Bi Gunilla aliweka kalamu chini.

"Tutajaribu moja zaidi," akasema. "Basi likijaa na watu wakarudi na furaha, tunaendelea. La sivyo, nafunga ofisi."

Sikuhofia kazi. Vumbi lipo siku zote, la kufuta sitalikosa. Nilimhofia yeye. Nilishafika kwake mara nyingi; ni chumba na jiko, na kuta nzima ni mabwawa. Mtu kama huyo ukimfungia ofisi atakaa na picha.

"Niachie mimi," nikamwambia. "Watu wangu hawajawahi kwenda."

Nikakaa kwenye treni ya kurudi Farsta, nikaandika tangazo kwa ajili ya kundi letu la Waswahili kwenye simu. Nalikumbuka lote:

"Ndugu wapendwa, karibuni safari ya Uingereza tukaone maziwa. Kuna makubwa na madogo, kuna ya asili na yaliyotengenezwa na watu. Mengine huganda. Yote ni safi sana. Njooni na chupa zenu za chai."

Lisomeni tena. Mimi sikulisoma tena.

Kabla sijashuka kwenye treni basi lilikuwa limejaa. Nililia kwa furaha mbele ya abiria wa watu. Walikuwa mchanganyiko wa Wakenya, Watanzania, Wakongo, na wote walikuwa na jambo la kusema, lakini watatu ndio waliokuwa na sauti. Mama Wambui, Mkenya, anatunza wazee na anaongoza kwaya, na chai kwake ni kama mafuta ya gari. Bi Mwanahawa, mtu wa Tanga anayekaa Tumba, kusini mwa Stockholm, mstaafu wa kweli wa jikoni hospitalini. Na Papa Désiré, Mkongo, fundi bomba.

Uwanja wa ndege wa Manchester tulikodi basi dogo, Bi Gunilla akashika usukani. Wakenya na Watanzania walistarehe mara moja, kwa sababu Waingereza huendesha kushoto kama kwetu. Papa Désiré, ambaye kwao huendeshwa kulia, alifumba macho kutoka uwanja wa ndege hadi tulipofika, akisema "Mon Dieu" kwenye kila mzunguko wa barabara. Tulikwenda kaskazini, kwenye nchi ya maziwa, ambako vilima vinashuka hadi majini na kondoo wamebandikwa juu kama pamba. Bi Gunilla alisimamisha basi ukingoni. Akashuka, akavua kofia. Ziwa lilikuwa limetulia hata mawingu yalijiona.

Mama Wambui akashuka na chupa yake ya chai. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Ni poa," akasema. "Na ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe gani, mama?"

"Kwani maziwa inatoka wapi? Kwa mfereji?"

Nikamtazama. Bi Mwanahawa naye alikuwa ameshuka, na kwenye mkoba wake niliona mfuniko wa ndoo ndogo nyeupe, ile ya kuwekea mtindi. Lile tangazo likanirudia kichwani neno kwa neno, na kila neno likaja na kwato.

"Bi Mwanahawa," nikasema pole pole, "uliposoma kwamba mengine huganda..."

"Mgando, ndiyo. Nikasema alhamdulillahi, huku Sweden mtindi wao mwepesi kama maji ya mchele. Nimekuja na chombo."

"Na makubwa na madogo?"

"Pakiti, mwanangu! Kubwa na ndogo. Ulivyoandika wewe."

"Na yaliyotengenezwa na watu?"

"Ya unga," akajibu Mama Wambui. "Hiyo hata sikutaka. Nikasema nitaonja tu." Akaelekeza chupa kwenye ziwa lote, kutoka kilima hadi kilima. "Sasa haya ndiyo maziwa? Haki, umetuleta Uingereza kuona maji?"

"Ziwa moja, maziwa mengi," nikasema kwa sauti ndogo.

"Usinifunze Kiswahili, msichana. Mimi ni Mkenya, najua sijui, lakini maziwa najua!"

Papa Désiré alikuwa hajashuka. Akatoa kichwa dirishani. "Ma fille, maji miye naonaga ku kazi kila siku. Yanatoka chini ya masinki za watu. Nimeomba congé juu ya kuona lait, maziwa ya ng'ombe." Akarudisha kichwa, akafunga dirisha.

Wote wakapanda wakakaa. Ulikuwa mgomo. Bi Gunilla akanijia na macho yanayong'aa, akaniuliza kama wamerudi garini kwa sababu wameguswa sana.

"Wameguswa," nikasema. Haukuwa uongo.

Siku iliyofuata ilikuwa ya bwawa kubwa la kuhifadhia maji, lile ambalo chini yake kuna kijiji kilichozamishwa walipojenga ukuta. Ni mahali ninapopapenda kuliko pote. Hakuna aliyeshuka. Bi Gunilla alisimama nje ya basi, akaeleza kwa Kiswidi habari za kanisa lililo chini ya maji, mimi nikatafsiri kwenye dirisha lililofunguliwa upana wa kidole, maana Kiswidi chao cha kazini hakikufika huko. Ndani ikatoka sauti ya Mama Wambui: "Muulize, watu wa hicho kijiji walikuwa na ng'ombe?" Nikatafsiri. Bi Gunilla akafurahi kupata swali, akajibu kwamba bila shaka walikuwa nao. "Basi hata ng'ombe mlizamisha," ikasema sauti. Dirisha likafungwa.

Hapo sikuweza tena. Nikamvuta Bi Gunilla pembeni, nikamweleza yote: kwamba kwa Kiswahili ziwa likizidi moja huitwa sawasawa na kile kinachotoka kwa ng'ombe, na kwamba basi zima limekuja kunywa. Nilidhani atacheka. Alisimama akipapasa pini yake ya nyuki.

"Kwa hiyo hawakuja kwa ajili ya maji," akasema.

"Hapana."

"Hata mmoja?"

Nikatazama basi. Akaitikia kwa kichwa. "Kwenu ni maziwa, kwetu ni vumbi," akasema. "Ninyi mna bahati." Akaingia akawasha gari.

Njiani tuliona kibanda cha mkulima, na humo chupa za kioo za maziwa ya asubuhi, mafuta yamepanda juu unene wa kidole. Bi Gunilla akasimama bila kuambiwa. Nyumba tuliyolala usiku huo ilijaa harufu ya tangawizi ya Bi Mwanahawa, na Mama Wambui aliichemsha chai kwa maziwa matupu hadi ikawa rangi ya matofali. Walikunywa, wakaimba, wakanisamehe nusu. Asubuhi Mama Wambui akajaza chupa yake akasema, "Sawa. Maziwa tumeona. Twende nyumbani."

"Limebaki moja," nikasema. "Dogo. Ni lake mwenyewe."

"Tutakaa garini," akasema, lakini bila ukali.

Hilo dogo mtalijua, ndilo la mwisho kwenye kila safari. Liko nyuma ya kijiji, kwenye malisho, na ukubwa wake ni kama sebule mbili. Bi Gunilla alipokuwa msichana alikuja Uingereza kulea watoto wa watu. Hakujua Kiingereza, hakuwa na rafiki, na kila jioni ya mapumziko alikaa pale. Aliniambia bwawa lile ndilo peke yake lililokuwa halimwulizi ametoka wapi.

Nilitangulia naye. Yeye alikuwa mbele, nikamwona anasimama ghafla, mabega yameshuka. Lilikuwa limekauka. Mvua haikunyesha majira yale, na pale palipokuwa maji palibaki bakuli la udongo uliopasuka. Upepo ukapita, ukainua vumbi, ukalitua tena.

"Damm," akasema Bi Gunilla.

Sikujua anasema lipi. Nadhani yote mawili. Akakaa chini, mama mrefu vile, na koti lake la mvua mahali pasipo na tone.

"Basi, mtoto wangu. Hii ndiyo ishara. Tunafunga."

Nyuma yangu nikasikia mlango wa basi. Kwenye malisho yale sauti husafiri, na hata usipojua Kiswidi, mtu aliyekaa namna ile unamwelewa. Wakaja wote kwa mstari, Papa Désiré mbele, akachungulia lile shimo kwa jicho la fundi. "Eh. Hapa hata miye siwezi tengeneza."

"Kuna nini?" Mama Wambui akaninong'oneza. Nikawaambia: yule msichana mgeni, lugha asiyoijua, jioni za kukaa hapa peke yake.

"Kumbe na yeye alikuwa mgeni," akasema Bi Mwanahawa. Akainama, akamshika bega. "Pole, Bi Gunilla. Pole sana, mama."

Wakaja mmoja mmoja kama msibani, pole, pole, kila mtu na mkono wake. Bi Gunilla akanitazama, anataka tafsiri. Nikatafuta pole kwa Kiswidi, sikuipata, mpaka leo sijaipata.

"Wanasema wako hapa na wewe," nikamwambia.

Mama Wambui akammiminia chai. Bi Gunilla akaonja, akafumba macho, akanyoosha kikombe tena. Tukakaa ukingoni wote, gambuti ndani ya bwawa lisilokuwepo, tukanywa. Baadaye Papa Désiré akaichukua chupa ya maziwa iliyobaki, akateremka hadi katikati, akamimina kidogo. Pakawa na kidimbwi cheupe cha ukubwa wa sahani.

"Voilà," akasema. "Ziwa ya maziwa."

"We mzee, unamwaga!" akapiga kelele Bi Mwanahawa. Na wakati huo huo akatokea bata mmoja kutoka kwenye nyasi, anatembea bila haraka, akasimama mbele ya kile kidimbwi kama mtu aliyewahi kwenye miadi. Akaingiza mdomo. Akautoa mweupe. Akatugeukia sote, akaonekana amedharau.

Bi Gunilla alicheka ile sauti ya mlango. Alicheka hadi nyuki akadondoka kwenye koti, na tukamtafuta vumbini wote kwa magoti, watu wa Tumba na Farsta na Sundbyberg, na mimi ndiye niliyempata. Nilimpangusa kwa kitambaa changu.

"Hairudi wiki nzima?" akaniuliza.

"Wiki nzima," nikasema.

Tulipokuwa tunapanda gari akasita mlangoni. "Waulize," akasema, hanitazami. "Waulize kama mwakani..."

Sikuwahi kumaliza kutafsiri.

"Mwakani huyo bata awe hapa, tusimkose," akasema Mama Wambui. "Mimi naleta sukari. Na huyu Désiré alete vyombo vyake, akague hiyo shimo."

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha, bwawa likajaa, na bata alikuwepo, hatujui kama ni yuleyule ila alitudharau vilevile. Tangu hapo basi halijawahi kuwa na nafasi tupu. Asubuhi ni ziwa, mchana ni kibanda cha mkulima, jioni ni chai, na Bi Gunilla akifika kwenye bwawa lolote analisalimia kwa neno moja la Kiswahili alilolishika. Analiambia pole. Nimejaribu kumweleza kwamba bwawa lililojaa halihitaji kupewa pole. Hasikii.

Mimi sijaenda mbali. Kile kibanda cha chai nilichokuwa nakiota sasa kipo, ukingoni mwa ziwa hapa Farsta, meza mbili, maua kwenye kopo. Saa ya ukutani nimeitundika humo na inachelewa, kwa hiyo msiwe na haraka mkija. Nitakuwa nafuta vumbi.

Ofisini, droo ya chini, mtalikuta lile tangazo, nimelinakili kwenye karatasi. Kelvin, najua Kiswahili chako cha shule ni kizuri na utatamani kulisafisha, uweke hata neno "ya maji" lieleweke. Liache. Zuhura, mzuie. Litumeni kama lilivyo, na atakayefika ukingoni akauliza ng'ombe wako wapi, mpeni kikombe akae.